Mkiwapeleka watoto kuona ng'ombe Kongwa, maziwa yachemke kwanza

Kongwa ya mwezi wa nne si Kongwa ya mwezi wa kumi. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Desemba na kukatika Aprili, na mvua ikinyesha vizuri nyasi za ranchi ya taifa iliyoko wilayani humo zinafika magotini. Ng'ombe wametawanyika mpaka kwenye vilima, weupe, wa kahawia, wengine wa kijivu. Kondoo wao wanakwenda kwa kusongamana, vichwa vyeusi na miili myeupe, utadhani watoto wa chekechea waliovalishwa sare.

Nilikwenda huko wiki mbili zilizopita na wifi yangu na watoto wake watatu, mmoja wa miaka 11, wa pili 7 na wa mwisho 2. Wifi ni mjamzito wa miezi sita. Nataja umri na hali zao kwa sababu kila mmoja ana hatari yake akiwa karibu na mifugo, na hayo ndiyo mazungumzo yetu wiki hii.

Lakini kwanza niseme wazi, mzazi mwenzangu (nikiwa shangazi nami najihesabu mzazi): wapelekeni. Watoto wetu wa mjini wanaijua nyama ya buchani na maziwa ya pakiti, basi. Huyu wa miaka saba alikuwa akiamini kuwa kondoo wote duniani wana manyoya mazito ya sufi kama yule wa kwenye kitabu chake cha shule. Alipowaona wa Kongwa akaniuliza, "Shangazi, hawa wamenyolewa?"

Hawajanyolewa. Ni aina inayoitwa Blackhead Persian, ambayo asili yake ni Somalia ingawa jina linaitaja Uajemi. Ana nywele fupi tu kama mbuzi, na akiba yake ya chakula kwa ajili ya kiangazi anaibeba nyuma, kwenye kitako cha mafuta. Ng'ombe walio wengi ni Boran, wenye nundu, jamii iliyolelewa na Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya kwa vizazi vingi. Wanahimili jua na ukame, na wanatembea mbali kutafuta maji bila kupungua sana.

Ukitokea Morogoro unapita Gairo na Kibaigwa, ukifika Mbande unaiacha barabara kuu na kuelekea Kongwa mjini. Ranchi ina takriban hekta 38,000 na iko chini ya Kampuni ya Ranchi za Taifa, NARCO. Ni mahali pa kazi. Hakuna bembea, hakuna chipsi, na huwezi kujitokezea tu na watoto wanne kwenye gari ukategemea mtu ataacha kuchunga ili akutembeze. Omba ruhusa mapema, uliza siku wanayoogesha mifugo, kisha uwe mgeni mtulivu.

Historia ya ardhi ile nayo ina utamu wake, na huyu wa darasa la sita aliifurahia kuliko ng'ombe wenyewe. Mwaka 1947 Waingereza walifyeka pori la Kongwa ili walime karanga kwa mashine, wapate mafuta ya kula kwa ajili ya watu wao waliokuwa wakipewa chakula kwa mgao baada ya vita. Udongo wa pale ukikauka unakuwa mgumu kama saruji, na mvua haina ahadi. Mwaka 1951 mradi ukaachwa ukiwa umemeza mamilioni ya pauni. Nyasi zikabaki, ng'ombe wakaingia. Katika miaka ya 1960 Kongwa ikawa tena kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine. Nikimwangalia fahali anavyocheua pale, huwa nadhani ndiye pekee aliyeielewa ardhi ile.

Sasa tuje kwenye kazi yangu.

Jambo la kwanza kumfundisha mtoto ni mahali pa kusimama. Macho ya ng'ombe yako pembeni mwa kichwa, hivyo anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa. Mtoto akimjia kwa nyuma anamshtua, na ng'ombe aliyeshtuka hurusha teke kabla hajageuka. Mjie kwa ubavuni, usawa wa bega, polepole, ukizungumza. Na yule wa kuogopwa zaidi si lazima awe fahali. Ni mama mwenye ndama mchanga. Wachungaji wa pale walituambia tusipite katikati ya ng'ombe na ndama wake hata kama nafasi inaonekana kubwa, tukazunguka.

Josho ni kivutio kikubwa kwa watoto. Ng'ombe wanaingizwa mmoja mmoja kwenye njia nyembamba, wanaruka kwenye handaki la maji ya dawa, wanaogelea, wanatokea upande wa pili wakijikung'uta. Kazi ya dawa ile ni kuua kupe, wanaoeneza ndigana na kuua ng'ombe wengi nchini. Ni sumu. Watoto wakae mbali kiasi cha kutorushiwa matone, na wasiguse ng'ombe ambaye bado analowa. Mtoto wa miaka miwili abebwe muda wote huo, asiachiliwe atembee, kwa sababu handaki lile lina kina cha kumzamisha ng'ombe, sembuse yeye.

Baada ya hapo kuna suala la maziwa, ambalo nataka nikae nalo kidogo.

Wakati wa kurudi tulipita kwa mzee mmoja mfugaji anayefahamiana na kaka yangu. Tukamsalimu shikamoo, naye akaitikia na kutuongezea ya Kigogo, "Mbukwa!" Tukakaribishwa kivulini. Haikupita dakika tano likaletwa jagi la maziwa yaliyokamuliwa asubuhi ile, bado yana povu, na vikombe vitano.

"Kunyweni, wanangu," mzee akasema. "Haya hayajaongezwa maji, wala hayana dawa ya kiwandani."

Wifi akanitazama. Kila aliyelelewa vizuri anaelewa uzito wa wakati ule. Mgeni kukataa maziwa kwenye nyumba ya mfugaji ni kama kumwambia mwenyeji kuwa nyumba yake chafu.

Nikapokea jagi kwa mikono miwili. Nikasema, "Mzee, tunashukuru sana. Tunayataka. Ila huyu mama ni mjamzito na huyu mdogo ana miaka miwili, kliniki wametupa masharti. Tunaomba mama atusaidie kuyachemsha, tuyanywe na chai."

Mzee akacheka. "Masharti ya kliniki! Mimi nayanywa hivi hivi tangu nazaliwa."

Mkewe alikuwa keshachukua jagi. "Waache wachemshe," akamjibu akielekea jikoni. "Mwaka juzi si wewe uliyeumwa mgongo miezi mitatu, ukasema ni uzee, mpaka ulipopimwa damu wakakuta ugonjwa wa ng'ombe?"

Mzee hakujibu. Tulikunywa chai ya maziwa yaliyochemka, nzito, ya tangawizi, na sijawahi kunywa nzuri kama ile.

Ugonjwa aliousema yule mama unaitwa brusela. Kwa mifugo unajulikana zaidi kama ugonjwa wa kutupa mimba. Bakteria wake hukaa kwenye maziwa, kwenye kondo la nyuma na kwenye majimaji ya mnyama aliyezaa au kuharibu mimba. Ng'ombe anaweza kuonekana mnene na mwenye afya huku akiwatoa kwenye maziwa kila siku. Binadamu akiupata, homa inapanda na kushuka kwa wiki nyingi, jasho linatoka usiku, viungo na mgongo vinauma, na mwili unachoka bila sababu. Kwa kawaida dalili huanza wiki mbili hadi nne baada ya kunywa, wakati mwingine baada ya miezi, kwa hiyo hakuna anayekumbuka lile jagi. Unatibika, lakini matibabu yake ni aina mbili za antibayotiki kwa wiki sita, na dawa za mtoto mdogo si zile zile za mtu mzima. Mgonjwa akiacha dawa njiani, unarudi.

Kinga yake ni moto tu. Maziwa yakichemka mpaka yakapanda kwenye sufuria, yamekwisha kuwa salama. Viwandani huyapasha hadi nyuzi joto 72 kwa sekunde 15, hawahitaji hata kuyachemsha. Mtindi ulioganda kutokana na maziwa mabichi si kinga ya kutegemea, kwa sababu uchachu hauwaui bakteria wote. Chemsha kwanza, ndipo ugandishe. Wasomaji wengine watanitumia ujumbe kuwa bibi zao waliishi miaka 90 kwa maziwa mabichi. Sawa, na walioishi kwa maumivu ya mgongo waliambiwa ni uzee.

Mtoto akipata homa baada ya safari kama hii, wengi wetu tunawaza malaria, na baada ya malaria tunawaza taifodi. Kuna utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za Moshi kati ya mwaka 2007 na 2008, ukahusisha wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, watoto kwa watu wazima. Zaidi ya 60 kati ya kila 100 walihesabiwa na madaktari kuwa wana malaria. Damu ilipopimwa kwa kina, waliokuwa nayo kweli hawakufika hata wawili kati ya 100. Miongoni mwa waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, ikiwemo homa ya mgunda, homa ya Q na brusela, karibu robo walikuwa nayo. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye daktari alikuwa ameyashuku wakati wa kumlaza.

Matokeo ya Moshi si ya nchi nzima, na kipimo cha malaria bado ni cha kwanza kufanya mtoto akichemka. Ila kipimo kikionyesha hakuna malaria, usiridhike na dawa ya kushusha homa na kurudi nyumbani. Mwambie daktari kwa maneno haya haya: "Tulikuwa kwenye mifugo wiki tatu zilizopita, alikunywa maziwa, aliwashika kondoo." Sentensi hiyo inabadilisha vipimo atakavyoandika. Muuguzi hawezi kukisia kuwa mtoto wa Tabata au Area C alikuwa anakumbatia mwanakondoo.

Kuhusu wanakondoo: tulikuta kondoo waliozaa usiku wa kuamkia siku ile. Watoto walipagawa. Wifi yeye alibaki nje ya uzio, na hilo nililisimamia hata kama alinuna. Mjamzito hatakiwi kusogelea kondoo, mbuzi au ng'ombe anayezaa, wala kushika kitoto chenye unyevu, kondo la nyuma, au nguo na viatu vya aliyezalisha. Brusela, homa ya Q na vimelea vya toksoplazma vyote hupatikana huko, na vinaweza kuharibu mimba ya binadamu kama vinavyoharibu ya mnyama. Kumtazama mwanakondoo akijifunza kusimama, kutoka umbali wa hatua kadhaa, ni furaha ile ile.

Na mkifika mahali mkaambiwa kondoo wengi wametupa mimba kwa mkupuo, hasa baada ya mvua kubwa zisizo za kawaida, geuzeni gari. Hiyo inaweza kuwa Homa ya Bonde la Ufa. Ilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931 kwa kondoo wa shamba moja karibu na Naivasha, nchini Kenya. Mlipuko wa mwaka 2006 hadi 2007 uliua watu hapa Tanzania, na Dodoma ni miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Huenezwa na mbu kwa mifugo, lakini watu wengi huupata kwa kushika damu au viungo vya mnyama mgonjwa. Ndiyo maana nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe hailiwi, hata ukipewa bure, hata ikichomwa mpaka iungue. Kimeta nacho hupita njia hiyo hiyo.

Mdogo wa miaka miwili hatari yake ni mikono. Watoto chini ya miaka mitano hushika uzio, kinyesi na nyasi, kisha wanaweka vidole mdomoni, na bakteria wa tumboni mwa ng'ombe aliye mzima kabisa wanaweza kumwangusha mtoto kwa kuhara damu na hata kumuumiza figo. Beba galoni la maji na sabuni ya kipande. Vitakasa mikono havifanyi kazi vizuri juu ya mikono yenye tope na samadi. Chakula, chupa ya uji na nyonyo vibaki ndani ya gari, na hakuna kula mpaka mikono yote ioshwe kwa maji yanayotiririka. Viatu viwe vya kufunika mguu, maana misumari na miiba ipo, na pepopunda inapenda vidonda vya kuchomwa. Kabla ya safari fungua kadi ya kliniki uone kama sindano za wiki ya 6, 10 na 14 zilikamilika.

Halafu kuna nzi. Ukitembea vijiji vya Kongwa utaona watoto wamewatulia nzi kwenye pembe za macho kana kwamba hawawahisi. Wilaya hii ina nafasi ya pekee katika historia ya vikope, ugonjwa wa macho ambao wataalamu huuita trakoma, kwa sababu watafiti wameufuatilia hapa tangu miaka ya 1980. Moja ya tafiti za Kongwa, iliyochapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet, ilihusu jambo dogo kabisa: kuosha watoto nyuso. Vijiji vilivyohamasishwa kuosha nyuso, juu ya kupewa dawa ya macho, vilipata watoto wachache wenye vikope vikali kuliko vile vilivyopewa dawa pekee. Leo unawi wa uso ni sehemu ya mkakati wa dunia nzima dhidi ya vikope. Nilimwambia hivyo huyu wa miaka 11, akanawa uso mara mbili bila kugombezwa, jambo ambalo nyumbani halijatokea.

Kwa walio na watoto wenye pumu au mizio, nimeulizwa kama shamba litawadhuru. Vumbi la kiangazi na nyasi kavu vinaweza kuamsha pumu, kwa hiyo inhela iwe mfukoni. Ila kuna upande mwingine unaovutia. Mwaka 2016 jarida la New England la tiba lilichapisha ulinganisho wa watoto wa jamii mbili za wakulima nchini Marekani, Amish na Hutterite. Wanafanana kwa asili na kwa chakula, lakini Amish wanaishi karibu kabisa na ng'ombe wao na Hutterite wanatumia mashamba makubwa ya mashine. Pumu ilikuwa chache sana kwa watoto wa Amish, na vumbi la nyumba zao lilionekana kuufundisha mwili kujilinda bila kupaparika. Hao ni watoto wanaokua na mifugo kila siku, si wa kutembelea Jumamosi moja. Msiache dawa za pumu kwa sababu hiyo.

Mbwa wa wachungaji wasichezewe, hata akitikisa mkia. Aking'ata au kukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Malambo ya kunyweshea si ya kuogelea, kuna kichocho. Mkilala kijijini kwenye nyumba ya udongo, ombeni kitanda kilicho mbali na ukuta na msilale chini, kwa sababu papasi hutoka kwenye nyufa usiku, wananyonya na kurudi kabla hujaamka, na homa yao huja, ikaondoka, ikarudi tena. Mkirudi, kagueni miili ya watoto, nyuma ya masikio, kwapani na kinenani. Kupe akionekana, mshike kwa kibano karibu na ngozi na umvute taratibu bila kumsokota. Mafuta ya taa na kiberiti waachieni wengine.

Kwa wasioweza kufika Kongwa, NARCO ina ranchi pia Ruvu mkoani Pwani, ambayo ni karibu zaidi na Dar es Salaam, na West Kilimanjaro kwa walioko Arusha na Moshi. Wa Dodoma mjini mkikosa nafasi sasa, mwanzoni mwa Agosti mabanda ya mifugo ya Nanenane pale Nzuguni yana ng'ombe na kondoo wa kutosha, na watoto wanaweza kusogea mpaka usoni pao. Nendeni asubuhi kabla ya jua kali, na galoni lile la maji mlibebe huko pia.